Madhehebu ya Kisu cha Kukunja

Mtu wa Dar es Salaam aweza kuhama mtaa, akabadili kazi, akaacha sigara, hata akaoa mke wa pili bila ya kumshauri wa kwanza, lakini hathubutu kuhama kutoka Yanga, iliyoasisiwa mwaka 1935, kwenda Simba iliyofuata mwaka mmoja baadaye, wala kutoka Simba kwenda Yanga, kwani majirani watamhesabu kuwa ni mtu asiye na asili. Kwa muda mrefu nilidhani kwamba uthabiti huu wa moyo ni tabia yetu katika kila jambo, mpaka nilipojiunga na baraza la wapenzi wa visu vya kukunja huko Kinondoni Mkwajuni, nikashuhudia wazee wenye mvi, ambao baadhi yao wamehiji, wakiritadi kutoka chapa moja kwenda nyingine kwa wepesi ambao mgombea ubunge angeulipia ada afundishwe.

Baraza lenyewe kwa jina ni la bao. Hukutana baada ya sala ya alasiri mbele ya duka la fundi cherehani, penye benchi mbili, birika la kahawa chungu na sahani ya kashata, na mpita njia asiye na habari hudhani kwamba wale ni wastaafu wanaosubiri magharibi. Walakini kila mmoja wao ana kisu mfukoni, na mchezo wa bao ni kisingizio tu cha kukaa karibu na visu vya wenziwe. Kazi halisi ya kisu cha mfukoni katika mji kama huu ni ndogo: kumenya chungwa la Muheza, kukata kamba ya kifurushi, kuchonga kalamu ya mjukuu, na zamani, watu walipokuwa wakiandikiana, kufungua barua. Kazi yake kubwa ni kutolewa, kutazamwa, kusifiwa, kufutwa kwa pindo la kanzu na kurudishwa mahali pake.

Nilipoingia, madhehebu yaliyotawala yalikuwa ya Okapi, na imamu wake alikuwa mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa jahazi baina ya Dar es Salaam, Unguja na Lamu, mtu mwenye sauti iliyozoea kushindana na upepo. Hoja zake zilikuwa madhubuti. Kisu hicho, alisema, kilianza kufuliwa Ujerumani mwaka 1902 kwa makusudi ya kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika, na kubwa kuliko yote katika makoloni hayo lilikuwa hili letu, ambalo makao yake makuu yalikuwa yamekwisha hamishwa kutoka Bagamoyo kuja hapa mwaka 1891. Kwa hiyo kisu hicho ni kama kilifuliwa kwa ajili yetu. Kilipewa jina la yule mnyama wa misitu ya Ituri huko Kongo, jamaa ya twiga, ambaye wataalamu wa Ulaya walimtambua mwaka 1901 tu, ilhali watu wa msituni walikuwa wakimla tangu enzi za mababu. Na juu ya mpini wake wa mti pametiwa nakshi ya mwezi mwandamo na nyota, jambo ambalo nahodha alilitaja kwa sauti ya chini na kwa taadhima kubwa, akituachia wenyewe tuamue ni watu wa dini gani waliokusudiwa.

Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa hapendi mtu mwingine ajue tarehe, alijaribu kumvunja kwa kumkumbusha kwamba tangu mwaka 1988 Okapi hazifuliwi tena Ujerumani bali Afrika Kusini. Nahodha hakutikisika. “Basi amerejea kwao, maalim,” alisema. “Wewe ulitaka aishi ugenini mpaka lini?”

Nikanunua Okapi. Ilikuwa nzuri, na ningekuwa nayo hata leo lau si ile sauti yake. Kisu hicho kina kamani mgongoni na pete ya kuiachilia, na unapokikunjua hulia kra, kra, kra, jino baada ya jino, kwa namna ambayo barazani husisimua moyo kama muziki, lakini ndani ya daladala iliyojaa hufasiriwa vinginevyo. Nilikuwa nikitoka Temeke kumwona dada yangu, tumesimama kwenye foleni katika barabara ya Kawawa, jua kali, chungwa mkononi, na mimi nimevaa kofia yangu ya kiua na uso wa mtu asiye na deni na yeyote. Nikakitoa kisu, nikakikunjua. Mama aliyekaa ubavuni mwangu akasema “Yarabi!” akanikabidhi mkoba wake wote pamoja na mboga. Kijana wa kiti cha mbele akanyoosha simu yake nyuma bila ya kugeuka, kama mtu alipaye nauli. Kondakta, ambaye alikuwa amening’inia mlangoni akiita abiria, aliruka chini akaita polisi badala yao. Nilijitahidi kueleza, huku chungwa nimeliinua juu kuwa ushahidi, kwamba nia yangu ni kumenya, lakini dereva alinikatiza: “Shuka, mzee! Shuka na chungwa lako!” Nikashuka. Yule mama nilimrudishia mkoba wake kupitia dirishani, naye akaupokea akahesabu nyanya.

Nilipowasimulia barazani, nahodha alisema kwamba kosa halikuwa la kisu bali la abiria, ambao hawakulelewa baharini.

Katika majuma hayo hayo mpwa wangu alikuja likizo kutoka Maskati, akaniletea hidaya ya kisu chekundu chenye ngao na msalaba mweupe. “Mjomba,” aliniambia, “hiki hakina kelele.” Kilikuwa Victorinox ya haki, na nilipokiweka juu ya benchi jioni ile palikuwa na kimya ambacho sikupata kukisikia barazani hata wakati wa tanzia. Kilikuwa na visu viwili, mkasi, kifungua kopo, bisibisi, koleo dogo la kunyofolea miiba, kijiti cha meno, na msumari mmoja uliosokotwa ambao hapana aliyejua kazi yake. Muadhini mstaafu aliuliza ni wa nini. Nahodha, baada ya kuutafakari, alihukumu kwamba ni wa kufungulia fundo la kamba iliyolowa, na nasema kwa insafu kwamba alikuwa amesema kweli, kwani baadaye tuliujaribu kwa kazi hiyo ukafaa sana. Lakini kabla ya hukumu hiyo kuthibitishwa, fundi cherehani alidakia kutoka ndani ya duka, bila ya kuinua macho, kwamba huo ni wa kuzibulia chupa za mvinyo. Na tangu siku hiyo maneno yake kwamba hajapata kuonja kileo hayakusadikiwa tena na mtu.

Mwalimu alifurahi kupita kiasi, kwa maana sasa alikuwa na chapa yenye tarehe nyingi. Alitueleza habari za Karl Elsener aliyefungua karakana yake huko Ibach, katika jimbo la Schwyz nchini Uswisi, mwaka 1884. Jinsi alivyoanza kuliuzia jeshi la nchi yake visu mwaka 1891. Jinsi kile kisu cha maofisa chenye huo msumari wa kashfa kilivyosajiliwa mwaka 1897. Jinsi mama yake Victoria alipofariki mwaka 1909 mwana akakipa kiwanda jina la mama. Na jinsi mwaka 1921 lilivyounganishwa jina hilo na lile la chuma kisichoshika kutu. Wazee walipenda sana habari ya mama. Muadhini alipangusa jicho. Walakini mwalimu, kwa udhaifu wa wasomi wa kutojua mahali pa kukomea, akaongeza kwamba shehena ya kwanza ya visu vya askari haikufuliwa Uswisi, kwani hapakuwa na karakana kule iliyoweza kutoa visu vingi namna ile, bali ilifuliwa Solingen. “Solingen ni wapi?” aliuliza nahodha. Mwalimu alikohoa, akajibu kwamba ni Ujerumani. Nahodha aliagiza kahawa kwa watu wote.

Ushindi huo haukumfaa kitu. Juma lililofuata wote walikuwa wamehamia chekundu, naye nahodha akiwamo, akidai kwamba hakuhama, ila amewafuata Wajerumani walikokwenda. Tofauti ni kwamba changu kilitoka Maskati na vyao vilitoka katika sinia la mmachinga wa Kariakoo, na jina la Uswisi juu ya chuma chao lilikuwa limepungukiwa herufi moja. Mkasi wa muadhini ulitengana siku ya kwanza, kila ubavu ukashika njia yake. Bisibisi ya mwalimu ilikunjika kama karatasi. Na nahodha, alipoutia ule msumari wa msokoto katika fundo lake akavuta kwa nguvu za baharini, ulimnyookea mkononi, ukawa msumari wa kawaida.

Changu mimi kilidumu, na kudumu kwake ndiko kulikoniponza. Mtu mwenye Victorinox ya haki katika mtaa wa watu wenye bandia hana tena mali yake binafsi, amekuwa wakfu. Tulikwenda harusini Mbagala, na tangu nilipovua viatu mpaka nilipovivaa sikutia tonge kinywani kwa raha, kwa sababu kila kopo la maziwa, kila uzi wa nguo ya bibi harusi, kila waya wa kipaza sauti uliitiwa kisu cha mzee wa Kinondoni. Kilipita mikononi mwa watu nisiowajua, kikarudi kina samli. Shemeji mmoja alikichomoa kijiti cha meno, akakitumia kwa utulivu na kwa muda mrefu huku akinisimulia maradhi yake, kisha akakirudisha mahali pake kwa adabu zote, akaniambia, “Ahsante, shemeji, kisu chako kina kila kitu.” Tangu hapo sikukitazama kwa jicho lile lile.

Hapo ndipo alipotokea mzee mmoja aliyekuwa mpishi katika nyumba ya Mfaransa huko Oysterbay, naye alikuja na Opinel. Ni kisu kisicho na maringo: mpini wa mti, bapa moja, na pete ya chuma ya kulizuia lisijikunje, iliyoongezwa mwaka 1955, ingawa kisu chenyewe kilibuniwa na Joseph Opinel katika milima ya Savoie mwaka 1890. Alama yake ni mkono wenye taji. Baraza, ambalo lilikuwa limechoka na mikasi na misumari, lilikipokea kama watu watokao karamuni wanavyopokea maji, na mimi nikanunua cha yule mpishi cha akiba.

Milima ya Savoie, hata hivyo, haina masika yetu. Mvua za mwezi wa nne zilipoanza, mti wa mpini ulinywa unyevu ukavimba, ukalikumbatia bapa lisitoke, na nikawa natembea mjini na kipande cha mti chenye alama ya taji. Kile cha mpishi, ambacho kilibahatika kubaki wazi, kilikatiwa ndimu kisha kikageuka cheusi, kwani chuma chake ni kile kisichotiwa dawa ya kutu. Mpishi alituambia kwamba Wafaransa wenyewe hugonga kitako cha mpini juu ya kitu kigumu, na bapa huchomoza. Hiyo ni kweli, na nimekwisha kuiona ikifanyika. Lakini kitu kigumu kilichokuwa karibu jioni ile kilikuwa ubao wa bao, na muadhini alikuwa anaelekea kumfunga nahodha kwa mara ya kwanza tangu mwaka mpya. Nikagonga. Bapa halikuchomoza, bali kete zote ziliruka kutoka mashimoni, nyingine zikaingia ndani ya birika, na nahodha akatangaza papo hapo kwamba mchezo umekwisha suluhu. Muadhini hakuniitikia salamu mpaka Idi.

Katika tafrani hizi zote mtu mmoja alitajirika, naye ni yule kijana apitaye mitaani na baiskeli aliyoifungia jiwe la kunolea, ambaye husimama, akapiga kanyagio, na cheche zikaruka. Nilimwuliza, kwa kuwa visu vyote vya mtaa humpitia, ni chapa gani iliyo bora. “Mzee wangu,” alijibu, “mimi najua chapa mbili tu: ya anayelipa na ya anayekopa.” Kisha akanionyesha kisu chake mwenyewe. Kilikuwa kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa upande mmoja, upande wa pili kimezungushiwa mpira wa tairi la baiskeli, kama vile wanavyotumia mafundi viatu wa soko la Tandika. Kilipita katika kipande cha turubai bila ya kusita.

Nikakata shauri. Nilikwenda Tandika, nikanunua kimoja kwa fundi viatu, kwa bei ambayo sitaitaja kwa kuwaonea huruma walionunua vyekundu, nikakipeleka barazani nikiamini moyoni kwamba sasa tumepata kisu kisicho na chapa, na kwa hivyo kisicho na ugomvi. Wote wakanifuata Tandika, wakarudi navyo. Amani ilidumu mpaka kahawa ya pili. Nahodha alikuwa amekigeuza chake kuelekea jua, akagundua kwamba mahali jiwe halikufika pamebaki herufi mbili za rangi, naye akatangaza kwamba msumeno wake ulitoka Sheffield, Uingereza, kwa dalili ya L na D za mwisho. Mwalimu akachunguza chake akapata nusu ya nambari. Muadhini, ambaye chake hakikuwa na herufi hata moja, alirudi sokoni siku ya pili kukibadilisha.

Kwa sababu hiyo natangaza kwa wasomaji kwamba ninauza Okapi moja, kwa mtu mwenye gari lake mwenyewe. Chekundu kimoja cha Uswisi, kisu na mkasi kamili, kijiti cha meno nimekitoa. Na Opinel moja, ambayo mnunuzi nampa shauri aje kuitazama wakati wa kiangazi. Nipo Mkwajuni kila siku baada ya alasiri. Cha msumeno hakiuzwi.