Bahili wa Namba

Mimi ni bahili wa anwani za IP. Nikiona mtu ameipa linki ya ruta mbili slashi 24, yaani anwani 256, roho inaniuma kana kwamba amekodi basi zima ili apande yeye na mkewe.

Ofisini kwetu linki za matawi zote zilikuwa slashi 30. Hizo ni anwani nne: ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe, ya mwisho ni ya kupigia mbiu, ruta zinabakiwa na mbili za katikati. Nusu inapotea hivihivi! Na tangu Desemba 2000 kuna waraka, RFC 3021, unaoruhusu slashi 31: anwani mbili, ruta mbili, basi. Wako wawili tu, mbiu apigiwe nani?

Nikasubiri usiku, watu wamelala. Nikiwa mezani kwangu Kariakoo, nikaingia kwenye ruta ya tawi la Mbagala. Yenyewe ilikuwa 10.20.0.2, yetu 10.20.0.1. Nikafuta 30, nikaandika 31, nikabonyeza enta kwa madaha.

Kishale kikaganda.

Nikasema mtandao mzito, nikamimina chai. Kikombe kilipofika nusu ndipo hesabu iliponijia. Kwenye slashi 31 namba huenda kwa jozi: 0 na 1, 2 na 3. Kumbe 1 na 2, waliolala chumba kimoja miaka yote hiyo, nimewajengea ukuta katikati. Mbagala sasa inamtafuta jirani aitwaye 3, ambaye hajazaliwa.

Saa saba usiku nikashuka kwenye bodaboda, laptopu mgongoni. Nauli siitaji, mke wangu anasoma haya. Mlinzi akanimulika tochi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Kuna nini, wezi?”

“Hapana mzee, ni namba.”

Nikamweleza huku akinimulikia nichomeke waya kwenye ruta. Alisikiliza vizuri kuliko bosi wangu.

“Kwa hiyo ulikuwa unaokoa namba mbili.”

“Mbili, mzee.”

“Mnazinunua bei gani?”

“Hizi zinazoanza na 10 ni za bure. Kila mtu anazitumia ndani kwake.”

“Ziko ngapi zote?”

Nikajifanya nasoma skrini.

“Milioni 16 na ushei,” nikasema kwa sauti ya chini.

Mzee akazima tochi. Akasema anatunza betri.