Taa Nyekundu Haijui Kwamba Sindo ni Karibu

Taa za dashibodi zina rangi tatu zenye maana. Nyekundu inaamuru gari lisimame, manjano inataka lipelekwe kwa fundi karibuni, na kijani au samawati inatoa habari tu. Kwenye barabara ya Sindo, Magunga na Sori, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, ambako Probox na Corolla kuukuu hubeba abiria, magunia ya omena na pengine mbuzi, kuna rangi ya nne: nyeusi, ya selotepu iliyobandikwa juu ya taa ili abiria wasishtuke.

Taa ya oili ndiyo isiyo na mzaha. Haipimi wingi wa oili bali msukumo wake, kwa hiyo ikiwaka gari likiwa mwendoni, huenda vyuma vya injini vimeanza kusuguana vikavu. Dereva hukadiria kilomita zilizobaki na kukanyaga mafuta, eti Sindo ni karibu. Kuzima injini papo hapo na kuchomoa kijiti cha kupimia ni kazi ya dakika chache. Kuendelea ni bei ya injini nzima, tena na abiria wanaodai nauli yao huku wakiita bodaboda.

Taa ya betri huisingizia betri. Mara nyingi mkosaji ni alteneta au mkanda wake uliolegea, lakini mwenye gari hununua betri mpya, taa ikabaki palepale, na betri mpya nayo ikafa. Mita ya fundi wa umeme humaliza ubishi: injini ikinguruma, betri isome kama volti 13.5 hadi 14.5. Ikisoma 12 na kitu, alteneta haichaji. Wapo mafundi wanaopima kwa kung'oa waya wa betri injini ikiwa inanguruma. Isipozimika, hutangaza kwamba alteneta ni nzima. Kompyuta ya gari huenda isiwe nzima tena, maana volti hupanda ghafla na kuichoma.

Taa ya breki huwaka hata hendibreki ikiwa chini. Pedi zikiisha, maji ya breki hushuka kwenye kikopo chake na taa huwaka. Dereva huongeza maji, taa ikazima, naye akahesabu kwamba gari limepona. Siku pedi mpya zinapofungwa, maji ya ziada hurudi juu, hufurika na kubabua rangi ya gari. Ya ABS haihitaji maneno mengi: baada ya mvua kwenye udongo mweusi wa Lambwe, sensa za magurudumu zioshwe kwanza kabla ya kununuliwa nyingine.

Taa ya injini ndiyo yenye visa. "Jaduong', hiyo ni kawaida ya gari za Japani," fundi humtuliza mteja. Si kawaida. Marekani ililazimisha magari mapya kuwa na tundu la aina moja la kusomea makosa kuanzia modeli za 1996, na mashine ndogo za kusoma sasa ni rahisi kupatikana. Corolla ya miaka ya 1990 haihitaji hata mashine. Chini ya boneti kuna kijisanduku kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Vitundu vya TE1 na E1 vikiunganishwa kwa kipande cha waya na swichi ikiwashwa, taa ya injini hukonyeza. Mikonyezo miwili, kituo, kisha mmoja ni 21, yaani upande wa sensa ya oksijeni. Miwili na miwili ni 22, sensa ya joto la maji. Ikikonyeza mfululizo bila kituo, hakuna kosa lililohifadhiwa.

Namba hiyo hutaja mahali pa kuanzia tu, haimtaji mhalifu. Kwenye mashine ya kusoma, namba P0420 huwafanya watu wanunue sensa ya oksijeni, kumbe katalisti ilishakatwa kwenye bomba la moshi na kuuzwa kwa ajili ya platinamu na paladi yake. P0128 ni kazi ya mafundi wanaotupa themostati kwa hoja kwamba ni kifaa cha nchi za baridi. Bila themostati inayofunguka kwenye nyuzi 82 hivi, maji huzunguka tangu mwanzo, kompyuta hudhani injini bado ni baridi, na petroli huongezwa. Gari halichemki tena, ila linakunywa kama harusi.

Spea huagizwa kwa namba, si kwa umbo. Picha ya WhatsApp ikitumwa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, muuzaji hujibu "ni hiyo hiyo, mkubwa", kisha mzigo huteremshwa basini ukiwa na tundu moja zaidi. Itumwe namba ya fremu, kwa mfano inayoanza na NCP51 kwa Probox za lita 1.5, pamoja na namba iliyopigwa kwenye kifaa cha zamani. Alteneta au mlango uliotumika kutoka Japani mara nyingi hushinda mpya wa kuigiza. Pedi, mikanda, plagi na themostati zinunuliwe mpya, hata mwenye duka akiapa.

Anayenunua gari kuukuu awashe swichi bila kuwasha injini na kutazama dashibodi. Taa ya injini, ya oili na ya betri lazima ziwake. Ile ya injini isipowaka, huenda balbu imeng'olewa. Bei ishushwe, au mnunuzi arudi nyumbani na pesa zake.