Jinsi ya Kuonja Ulanzi Uliokomaa Saa 40

Umerudi Iringa likizo, na huko Dar es Salaam ulishajifunza kuzungusha glasi ya wiski ya kimea kimoja, kuinusa kwa tundu moja la pua na kutamka "miaka 18" kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja umri wa marehemu. Usiuache utaalamu huo stendi. Nenda nao kilabuni, ila badilisha kalenda. Uskoti kinywaji hakiruhusiwi hata kuitwa wiski mpaka kikae miaka 3 ndani ya pipa la mwaloni. Ulanzi ukikaa siku 3 ni mzee mwenye kisirani.

Chagua msimu kwanza. Ulanzi ni wa mvua, mianzi inapochipua. Ukija Agosti utaikuta imesimama tu inakutazama. Na kabla ya kukaa kwenye benchi, fuatana na mgema shambani, maana huko ndiko ilikojificha kazi yote. Chipukizi hukatwa ncha likiwa bado laini, kisha mbeta hutegwa hapo: kipande cha mwanzi kilichozibwa na fundo lake chenyewe. Asubuhi na jioni mgema hurudi, akamenya ngozi nyembamba kama karatasi, kidonda kikaanza tena kudondosha. Asiporudi, kidonda kinakauka na biashara imekwisha. Hamira hatii. Imo hewani, na imo kwenye mabaki ya jana ndani ya mbeta. Waskoti hununua mapipa yaliyokwisha kubeba bourbon Marekani au sherry Hispania ili kinywaji chao kipate tabia. Mgema wa Mufindi anayo mbeta, na hakuilipia ushuru wa forodha.

Sasa ingia kilabuni.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Karibu."

"Una wa umri gani?"

Atakutazama viatu kwanza. "Wa leo asubuhi upo. Wa jana upo. Wa juzi wanakunywa wale pale."

Watazame wale pale kwa makini kabla hujaamua. Wa leo ni mtogwa, mtamu, hata watoto hupewa. Ukilala unakuwa mkangafu, na utamu wote aliouweka Mungu unageuka nguvu. Ukipita hapo unaelekea kwenye siki, ingawa wapo wanaokataa kukiri. Mimi nashauri saa 40: utamu bado unaaga, ukali umeshabisha hodi.

Glasi hakuna, usiulize. Pokea jagi la plastiki kwa mikono miwili, puliza povu pembeni. Ukimkuta nyuki, mtoe kwa kidole bila hotuba. Ni shahidi kwamba siku alipoingia kulikuwa na utamu. Halafu onja na useme unachohisi: majani mabichi, unga uliochacha, moshi kidogo (huo unatoka jikoni kwa mama). Wenye wiski husikitika kwamba pipa hupoteza karibu asilimia 2 kila mwaka kwa mvuke, wakasema ni fungu la malaika. Kilabuni fungu hilo ni kubwa zaidi na malaika anaonekana: ni mzee aliyekaa kulia kwako, ambaye jagi lazima lipitie kwake.

Ukisisitiza kimea kimoja, panda basi la Mbeya, kisha unganisha hadi Rungwe kwenye kimpumu. Pale ulezi hulowekwa, ukaota, ukakaushwa, ukasagwa. Hicho ndicho kimea, na hakuna aliyekiandikia kitabu chenye picha za rangi. Wiski hudondoshewa maji kwa woga, tone moja. Kimpumu humiminiwa maji ya moto, ukanyonya kwa mrija, na kikipungua unaongezewa mengine. Sema "ndaga" kushukuru, usipulize mrija.

La mwisho ni kuhifadhi, na hapa naongea kwa uzoefu mchungu. Ulanzi haujui kwamba umenunuliwa. Unaendelea kuchacha na kutoa gesi, na joto linauchochea. Kifuniko kilegezwe. Mwaka mmoja nilimchukulia shangazi mtogwa wa lita 5, nikakikaza kifuniko cha kidumu kwa mikono yote miwili, nikakisukuma chini ya kiti cha basi. Tulipoteremka Kitonga kilikuwa kimevimba kama shavu la mpiga zumari. Joto la Ruaha Mbuyuni likamalizia. Tunakaribia Mikumi kikalia kishindo, konda akapiga kelele kwamba tairi limepasuka, dereva akaweka gari pembeni. Abiria tukashuka kukagua. Matairi yote yalikuwa mazima. Niliyakagua na mimi, moja moja, kwa makini kuliko wote, suruali ikinukia mianzi.