Koili, Chumvi na Sahani za Idi

Usiku wa Idi pili, jikoni kwetu London, mke wangu alifungua mashine ya kuoshea vyombo akanyamaza. Kisha akaniita: "Baba watoto, njoo uguse sahani hii." Nikaigusa. Ilikuwa ya baridi, na samli ya pilau imeganda juu yake kama nta. Mashine ilikuwa imefanya kazi saa tatu nzima. Maji yaliingia, yakarushwa, yakatoka; kidonge cha sabuni kilikuwa hakijayeyuka hata nusu. Kilichokosekana ni moto tu.

Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, hakungoja. Aliinjika sufuria la maji, akapandisha mikono ya dera, akavuta beseni. "Samli haiyatii maji ya baridi, mwanangu," alisema. Tukaosha kwa mkono hadi saa saba usiku.

Kesho yake nilisafisha chujio, nikazungusha mashine kwa siki. Baridi ile ile. Nikampigia fundi wa mtaani, hakuja kuiona, alisema tu: "Bodi imekufa, nunua mashine mpya." Mke wangu akaanza kutazama bei. Hapo nikamtafuta shemeji yangu, fundi umeme Dar es Salaam. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Shemeji, usizike kabla hujapima."

Akanieleza kwa utulivu. Joto la mashine lina wahusika wanne: koili inayopasha maji, ambayo katika mashine nyingi za sasa imo ndani ya pampu, sensa inayopima joto, swichi inayoizuia koili kuwaka kabla maji hayajafika, na bodi inayotoa amri. Mmoja akigoma, vyombo hutoka baridi, na kwa macho huwezi kujua ni yupi.

Kabla ya kugusa chochote alitaka aone plagi imechomolewa ukutani. Nikafunga bomba, nikachota maji yaliyobaki chini, tukailaza mashine juu ya blanketi. Mama mkwe alishika simu ili shemeji aone kwa video, na mke wangu akamulika tochi.

Tulianza na sensa. Nilipoifumbata kiganjani ikapata joto, namba kwenye mita ya kupimia ukinzani ikashuka taratibu. Hivyo ndivyo sensa za aina ile zinavyotakiwa kufanya. Tukaja kwenye koili. Shemeji alipiga hesabu: wati 2,000 kwa umeme wa volti 230 ni karibu ampea 9, basi ukinzani wake uwe kama omu 26. Nikaweka ncha za mita. Haikusoma kitu. Nikarudia mara tatu. "Imekatika ndani," alisema. "Mwacheni bodi, hana kosa."

Tulipoitoa pampu ndipo tukaona chanzo. Ndani yake mlikuwa na gamba jeupe, lile lile linaloota kwenye birika letu. Maji ya London yana chokaa nyingi, kwa kuwa hupita kwenye miamba yake. Yakipata moto, chokaa huganda kwenye koili; joto likakosa njia ya kufikia maji, koili ikajichoma yenyewe hadi kukatika. Na dawa ilikuwamo ndani ya mashine siku zote: kisanduku cha chumvi, chini ya vyombo. Punje maalumu ndani ya mashine hunasa chokaa, na chumvi ndiyo inayozisafisha zipate kunasa tena. Kisanduku chetu kilikuwa na maji matupu. Miaka yote tuliamini kidonge cha sabuni kinatosha.

Pampu mpya yenye koili yake tuliinunua kwa chini ya robo ya bei ya mashine. Tuliifunga, tukaangalia kama inavuja, tukajaza chumvi, tukawasha programu ya nyuzi 65. Mke wangu alipofungua mlango, mvuke ulimpiga usoni. Mama mkwe akachukua bilauri, akaipangusa kwa kidole, ikalia. "Hii sasa imeoshwa," akasema.

Nawe ukitoa sahani za baridi, chomoa plagi, kisha pima au mwite fundi atakayekuja na mita yake. Usimlipe wala usimwamini anayehukumu mashine asiyoifungua. Na ikiwa maji ya kwenu yanaacha gamba kwenye birika, fungua kisanduku cha chumvi leo hii, kabla hujapakia vyombo vya chakula cha usiku.