Kila Kinachochomekwa Ukutani ni Changu

Ukifundisha informatiki katika sekondari ya Bunia, kila kitu chenye waya ni dhamana yako. Megafoni ya mkuu wa nidhamu ikikoroma, naitwa mimi. Simu ya Prefe, mkuu wa shule, ikikataa kufungua picha za harusi ya mpwa wake, naitwa mimi, tena katikati ya kipindi. Hata saa ya ukutani, ambayo haichomekwi popote na inakula betri moja kwa mwaka, ikisimama ni aibu yangu. Mwalimu wa jiografia haulizwi mvua ikichelewa. Mwalimu wa historia hajawahi kuandikiwa barua kwa makosa ya Leopold wa Pili.

Hayo nilikuwa nimeyazoea. Yaliyonishinda ni ya siku ile kamati ya wazazi ilipokuja kutazama ile minervali, ada yao ya shule, imezaa nini.

Nianze na mashini zenyewe, kwa sababu hakuna aliyetaka kuzisikia habari zake. Zilifika kupitia Kampala, zikavuka Goli kuingia Mahagi, zikiwa zimeshatumika ofisini huko Ulaya hadi herufi za kibodi zimefutika. Zinaendeshwa na Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuifanyia ukarabati wa usalama tarehe 14 Januari 2020. Antivirusi ilikufa zamani kwa kukosa mega za intaneti. Niliwahi kuandika ombi la kununua mega za kuihuisha; nikaambiwa mega ni anasa, ningoje mwaka wa bajeti. Mwaka wa bajeti, kwa ninavyoelewa mimi, ni ule ambao bado haujazaliwa.

Basi wazazi wakakaa. Projekta tuliazima parokia. Mwenyekiti wa kamati, mzee wa kanisa mwenye suti ya kijivu, akaketi mbele kabisa. Nikaunganisha intaneti ya simu yangu, kwa mega zangu, ili niwaonyeshe jinsi watoto wanavyoweza kutafuta ramani ya Ziwa Albert. Ramani ikafunguka. Wazazi wakaguna kwa kuridhika. Halafu kwenye kona ya chini, upande wa kulia, akachomoza mwanamke aliyevaa kidogo sana kwa mji ulio zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwenye skrini angekuwa na ukubwa wa kiberiti. Ukutani, kwa fadhila ya projekta ya parokia, alikuwa na urefu wa mlango.

Nikambofya aondoke. Akaondoka, akamwachia nafasi dada yake.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mwalimu mmoja wa Marekani, Julie Amero. Tarehe 19 Oktoba 2004 alikuwa akishika zamu ya mwalimu mwingine katika shule moja ya mji wa Norwich, jimbo la Connecticut. Kompyuta ya darasani ilikuwa kuukuu, yenye Windows 98, kinga zake zimepitwa na wakati, na yeye alikuwa ameambiwa asiizime. Tovuti moja ya mitindo ya nywele ikafungua mlango, picha chafu zikaanza kumiminika, akifunga moja inazaa nyingine, na watoto wako hapo hapo. Januari 2007 baraza la wazee wa mahakama likamtia hatiani kwa makosa manne. Angeweza kufungwa hadi miaka 40. Ilibidi wataalamu wa kompyuta wajitolee kuichambua upya ile diski ndipo, Juni mwaka huo huo, jaji akaifuta hukumu na kuamuru kesi isikilizwe upya. Hata hivyo haikusikilizwa tena: Novemba 2008 mama wa watu, amechoka na anaumwa, alikubali kosa dogo la kuvuruga utulivu, akalipa dola 100 na kurudisha leseni yake ya ualimu.

Kinachonikera katika habari hiyo ni lile swali alilokuwa akiulizwa: mbona hukuchomoa waya? Mbona hukuifunika kwa koti? Watu waliokaa kwenye viti vyao, picha haipo mbele yao, watoto hawapo, wote ni mashujaa wa kuchomoa waya.

Kuhusu waya, Amero alikosa bahati moja tu: alifundisha katika mji ambao umeme haukatiki. Angekuwa Bunia angeokolewa. Ule wa Budana, kutoka lile bwawa la Mto Shari lililojengwa enzi za Wabelgiji kwa ajili ya dhahabu ya Kilo-Moto, haujawahi kunisubiri nimalize sentensi. Umenikatia nikihifadhi alama za muhula mzima. Umenikatia nikiwa na ukurasa mmoja tu uliobaki kuchapwa. Lakini siku ile tulikuwa kwenye jenereta, na jenereta ilikuwa imejazwa petroli hadi kizibo, kwa mchango wa kamati yenyewe, ili mambo yasiharibike mbele ya wageni. Haikukohoa hata mara moja. Haijawahi kunguruma vizuri namna ile, kabla wala baada.

Na koti? Nilifunika. Nilivua koti langu la Jumapili nikaitupia projekta. Ukumbi ukawa giza, na gizani nikasikia sauti ya mama mmoja: "Muone! Anaficha!"

Kwa hiyo usipofunika, unaonyesha. Ukifunika, unaficha. Dakika chache baadaye projekta ikaanza kunuka moshi kwa joto, na sasa kuna shitaka la pili, la kutaka kuunguza mali ya kanisa.

"Mwalimu," mwenyekiti akauliza kwa ule upole wa mtu aliyekwisha kukata shauri, "ni hii ndiyo unafundisha batoto yetu?"

Nikajaribu kueleza. Nikasema, mzee wangu, kuna tovuti zinazoonyesha mpira bure. Ukifungua moja, inauliza: je, unaniruhusu nikutumie taarifa? Mtu mwenye haraka ya kuona goli anabonyeza "Ruhusu" bila kusoma. Tangu hapo kivinjari kinakuwa kimeweka ahadi. Tovuti ukiifunga, mashini ukiizima, mwaka ukipita, siku intaneti ikirudi wale wadada wanatumwa kwenye kona ya chini kulia, hata kama wewe umefungua Ziwa Albert. Hapahitajiki mwalimu mwenye tabia mbaya. Panahitajika kidole kimoja na haraka.

"Kidole cha nani?" akauliza.

Swali zuri. Mashini ina historia yake, yenye tarehe na saa, na mimi niliisoma baada ya wageni kuondoka. Kidole hicho kilibonyeza Jumapili, tarehe 21 Januari 2024, mchana ule Leopards, timu yetu ya taifa, walipokuwa wakicheza na Moroko kwenye Kombe la Afrika, tukatoka moja kwa moja, Silas Katompa akisawazisha dakika ya 76. Mimi mechi ile niliisikiliza redioni, nyumbani Mudzipela, na majirani wa pande zote mbili ni mashahidi wangu maana ndio wenye redio. Shuleni siku ya Jumapili ufunguo hukaa na mtu mmoja. Sitamtaja. Nitasema tu kwamba Jumatatu ile alikuja hana sauti, akiwa na megafoni iliyokoroma.

Lakini nani atamnyooshea kidole mtu anayesaini orodha ya prime, posho zetu? Mwenye mali yupo, mwenye ufunguo yupo, mwenye bajeti yupo, na wote wamekaa upande wa waamuzi. Aliyebaki upande wangu ni mimi na kipanya. Mzazi mmoja akakumbusha kwamba nchi ina sheria ya mambo ya kidijitali tangu Machi 2023. Nikafurahi, nikadhani anataka kunitetea.

Kesho yake nikapokea barua ya kutakiwa maelezo, ile ambayo kila mfanyakazi wa Kongo ameionja: jibu ndani ya saa 48, kwa Kifaransa, nakala kwa mkuu wa masomo na nakala kwa kamati. Swali la kwanza: eleza kwa kina aina ya picha zilizoonekana. Nilikaa na swali hilo usiku kucha. Nikieleza kwa kina, watasema nimezitazama mno. Nikieleza kwa ufupi, watasema nakwepa. Mwishowe niliandika kwamba zilikuwa picha za watu wazima wakati wa joto. Swali la pili: zimeingiaje? Hapo nilijaza ukurasa mzima. Najua hautasomwa.

Jibu likabaki kuchapishwa. Chumba cha mashini kimefungwa kwa amri, ili kulinda maadili, kwa hiyo mwalimu wa informatiki hana pa kuchapa. Nikachukua flashi yangu hadi sekretaria moja ya Boulevard ya Libération, mojawapo ya vile vibanda vyenye jenereta iliyofungwa mnyororo kwenye mti, vinavyotoa fotokopi, kuchaji simu, kuplastifia kadi na kuweka nyimbo, vyote juu ya meza moja. Kila flashi ya mji huu imelala hapo. Mahubiri, kwaya, filamu za Nigeria, mitihani ya marudio, zote zinalala kitanda kimoja na kuamka na virusi vilevile. Ukiirudisha nyumbani mafaili yote yamegeuka njia za mkato zisizofika popote.

Mbele yangu alikuwa mama mwenye cheti cha kuzaliwa, askari aliyekuja kuplastifia kadi yake, na mwanafunzi wangu wa mwaka wa nne. Kijana wa sekretaria akachomeka flashi. Kwenye kona ya chini, upande wa kulia, akachomoza yule dada.

"Mwalimu," kijana akasema kwa sauti ya kushinda jenereta, "flashi yako iko na mambo."

Nikamwambia huyo anatoka kwenye kivinjari chako, flashi yangu ina karatasi mbili tu za Word. Mama akavuta cheti chake karibu na kifua. Askari akanitazama, kisha akaitazama skrini kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Kijana akasema kusafisha ni franka 1,000, kuchapa ni mbali.

Nikalipa vyote. Nikaomba risiti, nikifikiri nitaiambatisha, wazazi waone kwamba maradhi haya ni ya mji mzima. Akatoa kitabu chake, akaandika kwa mwandiko mzuri: "Kusafisha picha za aibu, flashi ya mwalimu wa informatiki." Akaongeza jina la shule bila kuulizwa, akapiga muhuri wa bluu, akanichania ya juu na kubaki na nakala ya kaboni.