Cheo Bila Barua

Kwenye kompyuta ya ofisini kwetu mimi ni mtumiaji wa kawaida. Sikujipa jina hilo mwenyewe. Ndivyo mashine ilivyoamua, na haipitishi siku bila kunikumbusha. Nikitaka kuunganisha printa, sina ruhusa. Nikitaka kuufuta mchezo wa karata unaomfanya mwenzangu asahau kupokea simu, sina ruhusa. Na kwa kuwa kile kibetri cha ndani kimeshakufa, kila asubuhi tarehe inarudi Januari 2003. Nikibofya saa pale chini pembeni niirekebishe, linachomoza dirisha la kijivu kuniarifu kwamba sina mamlaka ya kubadili saa ya mfumo. Mtu mzima mwenye wajukuu, nanyimwa mamlaka juu ya saa!

Hapo inabidi nimwite kijana wa TEHAMA.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hebu nirudishie mwaka wangu."

"Mzee wangu, hiyo inataka nywila ya msimamizi."

"Si unayo wewe?"

"Ninayo, ila mpaka ulete dokezo sabili, mkuu wa kitengo aidhinishe."

Dokezo nikaliandika, nikalichapa kwenye kompyuta hiyohiyo. Masjala wakalirudisha: tarehe yake ni ya mwaka 2003, limepitwa na wakati.

Sasa pima hasira zangu nilipokuja kusoma habari za tundu moja la Windows ambalo kwalo kiprogramu kisicho na mbele wala nyuma kilikuwa kinapanda cheo kutoka mtumiaji wa kawaida hadi mkuu wa mashine nzima, kwa muda usiotosha hata kupiga chafya.

Ukoo wenyewe ni Windows NT, ambao XP, Vista na Windows 7 ni vitukuu vyake. Toleo la kwanza lilitoka Julai 1993, wakati televisheni ya ITV hapa nchini bado haijaanza kurusha matangazo. Humo ndani vyeo vilipangwa vizuri tu: chini kabisa yupo mgeni, anafuata mtumiaji wa kawaida, yaani mimi, kisha msimamizi, na juu ya wote ipo akaunti inayoitwa SYSTEM, ambayo ndiyo mashine yenyewe na haiombi ruhusa kwa mtu.

Tatizo lilikuwa ni wazee. Watu walikuwa na programu zao za DOS za biti 16, zilizozoea kuishika mashine popote zinapotaka, na hakuna aliyekuwa tayari kuzitupa. Microsoft ikazijengea chumba chao, NTVDM, mahali ambapo programu ya kizamani inadanganywa kwamba bado iko peke yake katika kompyuta ya miaka ya themanini. Programu hiyo ikigusa kitu kisichoihusu, prosesa inapiga kengele namba 13, ambayo kwa hesabu za mafundi huandikwa 0D, na keneli, yaani moyo wa mfumo, inakuja kuangalia kuna nini.

Na hapa ndipo panaponiuma. Keneli ilikuwa na alama zake chache za kumtambua mgonga kengele. Ikiziona, inaamini kuwa ni kazi yake yenyewe ya kuhudumia BIOS, ile programu ya msingi ya mashine, ndiyo iliyokwama, na inaendelea bila swali la pili. Alama zenyewe zilikuwa zinaghushika. Programu ya mtumiaji wa kawaida iliweza kuzitengeneza, keneli ikadanganyika, na programu ikaibukia ndani ikiwa na madaraka yote. Haikujaza fomu ya OPRAS ya kupimwa utendaji. Haikuitwa kwenye usaili. Hakuna aliyeihakiki vyeti. Mimi niliwahi kukaimu nafasi hadi aliyeteuliwa akaja nikamfundisha kazi. Yenyewe haikukaimu hata dakika moja.

Aliyeligundua tundu ni mhandisi wa Google, Tavis Ormandy. Aliwaarifu Microsoft Juni 2009. Januari 2010, kiraka, yaani programu ya kuliziba tundu, kikiwa bado hakijaonekana, akachoka kusubiri, akaanika kila kitu hadharani. Nilimwelewa sana, na mimi nina madokezo ya aina hiyo. Ndipo dunia ikajua kwamba tundu lilikuwa wazi kwa takriban miaka 17, kuanzia NT ya kwanza hadi Windows 7 iliyokuwa ndiyo kwanza imeingia sokoni. Waliosalimika ni wenye Windows ya biti 64, kwa sababu mle kile chumba cha wazee hakikujengwa kabisa.

Kiraka kilitoka Februari 2010, kwa namba MS10-015. Watu wakakiweka, wakawasha upya, wakakutana na skrini ya bluu. Lawama zikaielekea Microsoft, nayo ikasimamisha kukigawa kiraka, ikachunguza. Kumbe mashine nyingi kati ya zile zilizogoma zilikuwa na kirusi, Alureon, kilichokuwa kimejichimbia humo kimyakimya. Kirusi kilikuwa kimekariri anwani za kazi fulani ndani ya keneli. Kiraka kikazihamisha anwani, kirusi kikaenda kugonga nyumba isiyokuwepo, mashine ikazimia. Yaani watu walikuwa wakilalamika kwamba dawa imewaharibia kompyuta, kumbe dawa imemkanyaga mwizi mkia. Na wenye kirusi hawakulala: wakatoa upesi toleo jipya linaloelewana na kiraka. Wezi wale hawakuhitaji dokezo sabili, ndiyo maana kazi zao zinakwenda.

Tundu hili nalo lipewe haki yake: halikumwingiza mtu kutoka nje. Ilibidi kwanza awe ameshaingia, ndipo apande. Lakini kuingia kwenyewe kuna shida gani? Ng'ambo ya barabara kuna steshenari wanakochapa barua na kutoa fotokopi, na mashine yao ni XP. Ukiiwasha inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya msimamizi, haina nywila, wala haiulizi unatoka wapi. Wanafunzi, madalali, mabwana harusi na kadi zao, wote pale ni wasimamizi. Flashi yangu nikiichomeka pale, inarudi mafolda yote yamegeuka njia za mkato. Pale kirusi hakina haja ya kuhangaika na keneli wala kengele namba 13, maana cheo kinagawiwa mlangoni.

Hilo ndilo linalonikera kuhusu hivi vyeo vya kompyuta. Anayebisha hodi anaulizwa barua, anazungushwa, anaambiwa aje kesho. Asiyebisha anakaa kwenye kiti cha mkuu na hakuna anayemuuliza. Mlinzi mkali kwa wenyeji peke yao anamlinda nani?

Nikamweleza haya kijana wa TEHAMA, nikamwambia kwamba hata wakati ule, kabla ya kiraka, dawa ya haraka ilikuwa ni kuzizuia programu za biti 16. Akacheka kwa adabu.

"Mzee, leja ya stoo ni programu ya DOS. Tukizuia, hakuna karatasi wala kalamu itakayotoka."

"Basi wekeni kiraka."

"Mashine hiyo haijawahi kuona intaneti, mzee. Na hiyo XP iliyomo Microsoft waliacha kuihudumia tangu Aprili 2014."

"Kwa hiyo mwizi anaweza kupanda cheo humu muda wowote?"

"Akijua njia, anaweza."

"Na mimi?"

"Wewe mpaka dokezo, mzee."

Nikaona nishushe bei. Nikamwomba nikaimu tu usimamizi wa hiyo kompyuta, nusu saa kila asubuhi, bila posho ya madaraka. Alikwenda kumuuliza mkuu wa kitengo, akarudi na majibu: kukaimu kunahitaji kibali, na maombi ya kibali yanajazwa kwa kompyuta, kwa akaunti ya msimamizi.