Koti Lililofika Livingstone

Koti la mvua lenyewe si langu. Ni la jirani yangu wa Mbagala, dereva wa bodaboda, na aliponiazima alitoa sharti moja tu: lirudi zima kabla masika hayajamkuta.

Aliyenituma kuazima koti ni shemeji. Shemeji anaendesha lori, anapeleka mizigo Zambia na kurudi na shaba, kwa hiyo katika ukoo wetu yeye ndiye ubalozi. Nilipotangaza kwamba Novemba ile ya 2024 nakwenda kuyaona maporomoko ya Victoria kabla magoti hayajagoma, alijiweka sawa kwenye kiti kama mtu anayelipwa kwa ushauri.

“Shem, visa usihangaike, Mtanzania haombi. Kadi ya homa ya manjano beba hata kama hawataiuliza. Koti la mvua usithubutu kuliacha, pale unalowa mpaka soksi. Mengine ni kama nyumbani tu.”

Hayo “mengine” ndiyo yaliyonimaliza. Nchi ngeni kabisa haina neno, unaiingia na woga wako wote, umeshika begi kwa mikono miwili. Zambia inakuua kwa kufanana. Unavuka mpaka Tunduma, unatokea Nakonde, na Kiswahili kinaendelea kama hakikuona geti. Unalegea. Ukishalegea, umekwisha.

Mimi nilianza kulegea kwenye hela. Hela yao ni kwacha, ndugu kabisa wa kumekucha yetu, na siku hiyo shilingi 100 ilikuwa kama kwacha 1. Kijana mmoja mwenye adabu, wa kuniita “mzee wangu” kila baada ya neno, alinibadilishia laki mbili akanihesabia noti, na katikati ya bunda zimo mbili zilizoandikwa elfu hamsini. Moyo ukaruka. Nikanyamaza, nikidhani aliyekosea ni yeye, nikaondoka kwa hatua ndefu za mwizi. Kumbe mwaka 2013 Wazambia walifuta sifuri tatu kwenye hela yao na noti za zamani zikazikwa. Mama muuza maandazi ndiye aliyenipa habari za msiba huo. Alicheka mpaka akaita wenzake.

Halafu saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa nzima: Tunduma ikiwa saa 4 asubuhi, ukivuka barabara ni saa 3. Hilo shemeji hakulisema, kwa sababu dereva wa lori anayekaa foleni ya Tunduma siku kadhaa hana shida na saa moja. Tena wenzetu, mchana ukipinduka, hawarudi kwenye moja ya Kizungu, wanaendelea kuhesabu mbele. Nilipomuuliza mkata tiketi kuhusu basi la Lusaka, akanijibu kwa Kiingereza chao kilichonyooka: “Fotini awasi.” Nikahesabu: Nakonde mpaka Lusaka ni kama kilomita 1,000, masaa kumi na nne ni sawa kabisa. Nikamshukuru, nikaenda kula taratibu, nikalala kidogo chini ya mwembe. Narudi saa 11 jioni kwa saa yangu ya mkononi, basi limeondoka saa 9. “Fotini awasi” ndio muda wa kuondoka, saa 8 mchana ya kwao.

Na usidhani utadandia jingine baadaye. Mabasi ya abiria kule hayaruhusiwi kutembea kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri. Sheria nzuri, inaokoa roho za watu, na usiku ule niliilaani nikiwa nimelala kwenye benchi la stendi, koti la jirani likiwa mto. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya maana lililofanya. (Ningeweza kupanda treni, ndiyo. Lakini reli ya TAZARA, pamoja na kilomita zake 1,860, inaishia Kapiri Mposhi, na kutoka hapo hadi Lusaka unatafuta usafiri wa karibu kilomita 200 nyingine.)

Lusaka nilifika na njaa ya siku mbili. Umeme hakuna, ule ulikuwa mwaka wa ukame, bwawa la Kariba limebaki na maji kidogo, na nchi inayotegemea mabwawa ilikuwa inapikia mkaa. Nikaingia kwenye kibanda karibu na stendi, nikaletewa nshima. Nshima ni ugali, nawaambieni msije mkatishika, ila hauji mlima mmoja kama wetu. Unachotwa kwa upawa uliolowa maji, unakuja madonge matatu laini yamelala ubavu kwa ubavu kama watoto wachanga wa wodini. Mboga? Mama akasema kwa fahari, wapo kapenta, wa Kariba.

Nikafunua bakuli. Mimi mtoto wa Kigoma. Wale ni dagaa. Sisemi wanafanana na dagaa, ni dagaa wenyewe wa Tanganyika, waliochukuliwa miaka ya 1960 wakamwagwa Kariba, wakazaana, wakabadili jina. Nimepanda mabasi zaidi ya kilomita 1,900 kwenda kula wale niliowakimbia utotoni! Walikuwa watamu, hilo siwezi kulificha. Niliongeza sahani.

Livingstone, mji wa maporomoko, ni kilomita nyingine 470 hivi, kusini. Yenyewe maporomoko wenyeji wanayaita Mosi-oa-Tunya, moshi ungurumao, na hapo tena mosi ni moshi wetu ule ule. Kwa hiyo nilishuka nikitafuta moshi. Nikatega sikio kutafuta ngurumo. Nikasikia nyenje.

Getini nikavaa koti, nikafunga vifungo mpaka kidevuni, joto la kuchemsha yai. Nikapita wanafunzi wa shule wamevaa mashati mepesi. Wakanitazama kwa huruma. Nikafika kwenye daraja lile jembamba la watu wa miguu, mahali ambapo picha zote zinaonyesha watu wamelowa chapachapa, nikashika chuma, nikafumba macho kungoja manyunyu.

Nilipofumbua niliona ukuta. Mwamba mweusi, mrefu, mkavu, na nyani amekaa ukingoni anakula kitu kilichofanana sana na mkate wangu. Maji yalikuwepo, yanashuka vizuri tu, mbali kule upande wa Zimbabwe.

“Umekuja mwezi mbaya, bashikulu,” mlinzi akaniambia. “Oktoba na Novemba upande huu hukauka. Njoo Aprili.”

“Aprili nitaona?”

“Aprili maji ni mengi mno, ukungu unaziba kila kitu. Juni, Julai ndiyo unaona.”

David Livingstone naye alifika hapa Novemba, mwaka 1855, akaandika sifa mpaka Ulaya yote ikajua. Mimi nilisimama kwenye maporomoko yale yale mwezi ule ule nikiwa na koti. Lakini shemeji hakusema uongo kabisa: nililowa mpaka soksi, kwa jasho.

Nilirudi Mbagala Jumapili. Jirani alilipokea koti lake, akaligeuza, akalinusa, akaliinua kwenye mwanga.

“Mzee, lilikwenda kwenye maji au lilikwenda vitani? Mbona nje vumbi, ndani chumvi?”